Siku Sita Katika Korongo la Desolation: Tathmini ya Kampuni Iliyotukodishia Boti

Tulipopiga simu kwa mara ya kwanza kuuliza bei ya kukodi boti mbili za mpira kwa siku sita, mama aliyepokea simu alitaka kwanza kujua ni wangapi kati yetu wasiojua kuogelea. Alipoambiwa kwamba ni wawili, aliuliza uzito wao na upana wa vifua vyao ili awatengee jaketi za kuokoa maisha zitakazowabana sawasawa. Bei tulitajiwa dakika ishirini baadaye. Ninaanza na simu hiyo kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuichague kampuni hii, na kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza inahusu kazi iliyofanyika ofisini na ghalani, majuma kadhaa kabla hatujayaona maji. Jina la kampuni sitaliandika. Ninachotaka msomaji apate ni maswali ya kuiuliza kampuni yoyote itakayomkodishia boti kwa safari ya aina hii, pamoja na jambo moja ambalo sisi hatukulikagua na likatugharimu.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mto Green katika jimbo la Utah, Marekani, kuanzia Sand Wash hadi ufuko wa Swasey's ulio kaskazini kidogo ya mji uitwao pia Green River. Ni mwendo wa maili 84, yaani kilomita 135 hivi, kupitia makorongo mawili yanayofuatana, Desolation na Gray. Jina Desolation, ambalo maana yake ni ukiwa, lilitolewa mwaka 1869 na msafara wa John Wesley Powell, mwanajeshi aliyekatwa mkono mmoja baada ya vita vya Shiloh vya mwaka 1862, na ambaye hata hivyo aliteremka mito ya Green na Colorado kwa boti za mbao. Jina hilo bado linastahili. Kuta za mawe zinapanda kwa ngazi hadi kufikia kimo cha zaidi ya mita elfu moja juu ya maji, simu za mkononi hazishiki mtandao, na karibu katika njia yote hakuna barabara ambayo gari linaweza kuifuata kuja kukuchukua. Ukishatia boti majini Sand Wash, mahali pa kutokea ni Swasey's.

Hilo ndilo linaloitofautisha safari hii na zile ambazo wengi wetu tulizianzia. Mimi nilijifunza kupiga kafi Sagana, kwenye Mto Tana, na wenzangu wawili walipita Jinja kwenye Mto Nile, mahali ambapo kampuni hukupa mwongozaji na kofia ngumu, na gari linakusubiri mwisho wa mchezo ukiwa bado umelowa. Maji ya Jinja ni makali kuliko ya Desolation kwa mbali. Mikondo ya maji ya kasi ya Desolation na Gray inazidi sitini ukihesabu na ile midogo, lakini kwa kawaida haivuki daraja la tatu katika kipimo cha madaraja sita. Ugumu wa huku ni kwamba kila unachokihitaji kwa siku sita, kuanzia maji ya kunywa hadi choo, lazima uwe umekipakia wewe mwenyewe, na ulichokisahau hukipati tena.

Tulikuwa wanane, wenye asili ya Mombasa, Moshi na Bukavu, tunaoishi Denver na Salt Lake City. Tungeweza kulipia safari ya kuongozwa, ambayo waongozaji hupika, huvuta makasia na hata huwakunjia wageni mahema. Tulipogawanya gharama zote za kukodi vifaa pamoja na usafiri, kila mmoja wetu alilipa takribani theluthi moja ya bei tuliyotajiwa kwa safari ya kuongozwa. Watatu miongoni mwetu walikuwa na uzoefu wa kutosha wa kuendesha boti, kwa hiyo tuliamua kujitegemea. Kundi lisilo na mtu hata mmoja aliyewahi kuvuta makasia katika maji ya kasi nisingelishauri lifanye hivyo, bei iwe nafuu namna gani.

Kibali ndicho kizingiti cha kwanza, nacho kampuni haiwezi kukupatia, ila inaweza kukuelekeza. Korongo liko chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya Marekani, na maombi ya tarehe za msimu wenye watu wengi hupokelewa kwa njia ya bahati nasibu kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Januari. Sisi tulikosa katika bahati nasibu. Yule mama ndiye aliyetufundisha kwamba watu hughairi, tarehe zao hurudishwa katika mfumo wa kuhifadhi nafasi, na anayechungulia kila asubuhi hatimaye hupata. Tulichungulia kwa majuma matano, tukapata tarehe ya katikati ya Septemba.

Jambo la pili alilotueleza ni zito zaidi, na nimesikitika kuona safari nyingi zikipangwa bila kulizingatia. Kwa sehemu kubwa ya korongo, ukingo wa kushoto unapoteremka mto ni ardhi ya watu wa Ute, wenyeji wa asili wa huko, katika eneo lao la Uintah na Ouray. Kibali cha serikali hakikupi ruhusa ya kupiga hema wala kutembea huko. Lazima upate kibali cha kabila lenyewe. Alitutumia ramani ambayo mpaka huo ulikuwa umetiwa rangi, na kambi zote tano alizotupendekezea zilikuwa ukingo wa kulia. Sisi tunaotoka katika nchi ambako habari ya ardhi ya wenyewe haihitaji maelezo marefu tulilielewa hilo mara moja, na tulifurahi kuona mfanyabiashara akilisema kabla hajaulizwa.

Kuhusu kiasi cha maji, ushauri wao ulikuwa sahihi kwa kila neno. Mto Green umezuiliwa huko juu na bwawa la Flaming Gorge, lakini chini ya bwawa hilo unapokea Mto Yampa, ambao haujazuiliwa na bwawa kubwa, ndiyo maana theluji inapoyeyuka milimani mto mzima hufura mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Katika miaka yenye theluji nyingi, kipimo kilicho mjini Green River husoma zaidi ya futi za ujazo 20,000 kwa sekunde. Mwishoni mwa kiangazi kinaweza kushuka chini ya 2,000. Maana yake ni kwamba mto wa Juni na mto wa Septemba ni mito miwili yenye jina moja. Wa Juni una maji baridi na mawimbi makubwa, unakwenda kasi, na una mbu ambao sifa yao imeenea mno, kiasi kwamba pale Sand Wash vimejengwa vibanda vya wavu ili watu walale kwa amani usiku wa kuamkia safari. Wa Septemba ni mwembamba, una joto, hauna mbu wengi, na una mawe.

Tulikuwa tumeagiza boti mbili za futi kumi na nane, kwa kudhani kwamba boti kubwa ni salama zaidi. Kampuni ilikataa kutukodishia. Mama yule alieleza kwamba kwa maji ya Septemba boti ya namna hiyo, ikiwa imebeba watu na mizigo ya siku sita, itakuwa inakwama juu ya changarawe, na kila inapokwama watu watashuka kuisukuma, na hapo ndipo miguu huvunjika. Akatupa boti tatu za futi kumi na nne, na hata tofauti ya bei ilikuwa ndogo kuliko tulivyotarajia. Katika siku ya pili tulilipita kundi lililokuwa limesimama majini hadi magotini, likiisukuma boti kubwa yenye makasha mawili ya barafu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza tena kwa nini tulikataliwa.

Vifaa vyenyewe, kwa ujumla, vilikuwa vya hali ya juu. Fremu za alumini zilikaa juu ya boti bila kucheza, makasia yalikuwa yamenyooka na yana uzito unaolingana, na kwa kila boti tulipewa kasia moja la akiba kama kanuni zinavyotaka. Mikanda ya kufungia mizigo ilikuwa mipya. Makasha ya barafu yalijazwa mapande makubwa ya barafu siku moja kabla, tukaelezwa namna ya kuyafungua, kwamba kasha la siku tatu za mwisho lisiguswe hadi siku ya nne, na kwa kufuata hivyo tulikula samaki aliyegandishwa jioni ya siku ya tano, tukiwa jangwani, akiwa bado mgumu katikati. Sinia la chuma la kuwashia moto, kasha la choo linalofungwa lisitoe harufu, pampu mbili na sanduku la huduma ya kwanza vilikuwapo vyote, kwa kuwa bila hivyo mlinzi wa mto pale Sand Wash hakuruhusu kuondoka. Pia walitukodishia kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti, wakatulazimisha kutuma ujumbe wa majaribio tukiwa bado ofisini kwao.

Katika orodha yao kulikuwa na kitu kilichonigusa. Maji ya Mto Green yana tope laini lisilotulia, na chujio lolote huziba baada ya lita chache. Kwa hiyo walitupa ndoo mbili na mfuko mdogo wa shabu, wakatuagiza tukoroge kijiko kimoja ndani ya ndoo wakati wa jioni, kisha tuchote maji ya juu asubuhi ndipo tuyachuje. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo kwa maji ya kisima wakati wa mvua, na sikutegemea kukutana na shabu yake Utah. Tulibeba pia maji safi ya kunywa, galoni moja kwa kila mtu kwa siku, na ndoo zilitusaidia kupikia na kuoshea vyombo.

Kufika Sand Wash ni kazi peke yake, kwa sababu njia ya mwisho ni ya vumbi, ndefu, na mvua ikinyesha hugeuka utelezi. Kampuni ilitupa njia mbili, nasi tukazitumia zote. Wanne walipanda lori pamoja na boti, nasi wanne tukaruka kwa ndege ndogo kutoka Green River, mwendo wa nusu saa hivi juu ya korongo lenyewe, hadi kiwanja cha udongo kilichoko juu ya genge, kisha tukateremka kwa miguu hadi mtoni. Ndege ni ghali zaidi, lakini kwa mpangaji wa safari ina faida isiyohusu uzuri wa mandhari: tuliuona mto wote kutoka juu, tukahesabu visiwa vya changarawe, tukajua ni wapi mkondo mkuu unashika kulia. Rubani alipunguza kasi kila tulipopita juu ya mkondo mkali, akatutajia jina lake. Magari yetu yalipelekwa Swasey's na madereva wao, tukayakuta yamefungwa, funguo zikiwa mahali tulipokubaliana.

Maelekezo ya mwisho ukingoni yalichukua saa nzima, na dereva wa lori alisisitiza upepo. Alasiri, alisema, upepo hupanda korongo kutoka kusini, nao ni wa mbisho kwa yeyote anayeteremka. Katika maili 25 za mwanzo, ambazo maji yake ni tulivu kama bwawa, upepo huo unaweza kulisimamisha boti kabisa, hata kulirudisha nyuma. Alitushauri tuwe majini kabla jua halijafika chini ya korongo na tufunge kazi saa saba mchana. Siku ya kwanza tulichelewa kwa sababu ya picha na kifungua kinywa kirefu, na kuanzia saa nane tulivuta makasia kwa zamu ya dakika kumi kumi tukiwa tunasogea kwa hatua za mtu anayetambaa. Kuanzia siku ya pili tuliamka saa kumi na moja alfajiri.

Mto wenyewe nitaugusa kwa ufupi, kwa kuwa hii ni tathmini ya huduma. Baada ya mkondo wa Jack Creek maji huanza kusema, na kutoka hapo kila kijito kinachoingia kwa ubavuni kimesukuma mawe yake mtoni kwa mafuriko ya ghafla na kutengeneza mkondo mkali mdomoni mwake. Ukiona korongo dogo kwenye ramani, jiandae. Pale Flat Canyon tulitazama michoro iliyochongwa kwenye mawe na watu wa utamaduni wa Fremont, wakazi wa kale wa Utah, mbuzi na kondoo wa mwituni wakiwa wamepangwa mstari, na hakuna aliyegusa. Rock Creek ni kijito cha maji ya baridi na maangavu kinachoingia katika mto wa rangi ya chai ya maziwa. Tulioga hapo, na binamu yangu alisema angelipia safari nzima kwa ajili ya saa hiyo moja. Boti za futi kumi na nne zilipita mikondo ya Steer Ridge na Chandler bila shida, zikigeuka upesi kila tulipozihitaji zigeuke.

Siku ya nne, katika mkondo wa Joe Hutch, boti ya pili iligusa jiwe lenye ncha kwa ubavu wa kulia. Hakuna aliyeanguka. Boti hizi zina vyumba kadhaa vya hewa vilivyotengwa, kwa hiyo kimoja kikitoboka vingine huendelea kuifanya ielee, lakini kufikia ukingoni ubavu ule ulikuwa umelegea kama shuka, na tundu lilikuwa mpasuko wa urefu wa kidole. Tuliivuta juu ya mchanga, tukaisafisha, tukaikwaruza kwa msasa kama maelekezo yalivyotaka, tukakata kiraka cha kutosha. Mkoba wa ukarabati ulikuwa na kila kitu: viraka vya unene tofauti, msasa, brashi, valvu ya akiba, hata mkasi. Shemeji yangu alichukua mrija wa gundi, akauminya, akauminya tena, kisha akanipa mkononi.

“Shemeji, hii imekuwa jiwe,” alisema.

Ilikuwa imekauka kabisa. Mrija ulikuwa umefunguliwa wakati fulani, na mteja mwingine au fundi wa kampuni aliurudisha bila kuukaza. Ghalani mkoba huo ulikaguliwa, kwa kuwa karatasi ya ukaguzi yenye saini ilikuwa ndani yake, na mbele ya neno gundi palikuwa na alama ya vema. Aliyetia alama aliuona mrija, hakuuminya. Mlinzi wa Sand Wash alihesabu vifaa navyo vilikuwa kamili. Nami, niliyekuwa kiongozi wa kundi na niliyetia saini ya kupokea, niliufungua mkoba, nikaona vyote vipo, nikaufunga.

Tulitumia tepu pana ya nailoni ambayo mwenzetu wa Bukavu, fundi wa mabomba ya kupozea hewa, alikuwa ameipakia kwa mazoea ya kazi yake. Kila mmoja alipuliza na kufuta hadi mpira ukakauka kabisa, tukaweka tabaka nne zinazokatana, juu yake kiraka kilichobanwa kwa mkanda wa mizigo. Mzigo mzito tuliuhamishia boti nyingine mbili, na wale wawili wasiojua kuogelea wakahamia boti ya kwanza. Kwa siku mbili zilizobaki tulisimama karibu kila saa kupampu, na kila mkondo wa Gray, Coal Creek hasa, ambao maji yakipungua hujaa mawe, tulishuka kuutazama kwa muda mrefu kabla ya kupeleka boti ile ikiwa na mwendeshaji mmoja tu. Ilifika. Lakini mrija mmoja wa gundi uliokauka ulibadilisha mpango wote wa siku mbili, na kama lingekuwa tundu kubwa zaidi, tungeliacha boti la kampuni jangwani na kubanana wanane katika mbili.

Tuliporudisha vifaa nililieleza jambo hili kwa utaratibu, mrija ukiwa mkononi. Mama yule hakujitetea. Aliuchukua, akaujaribu mwenyewe, akawaita vijana wawili wa ghalani wakaujaribu mbele yetu, kisha akaturudishia malipo yote ya boti ile kwa siku sita na hakututoza kwa mpasuko. Aliomba radhi kwa maneno yaliyo wazi. Juma moja baadaye alinitumia picha ya karatasi mpya ya ukaguzi: badala ya alama ya vema, palikuwa na nafasi ya kuandika tarehe gundi ilipofunguliwa na jina la aliyeiminya.

Nimepima huduma hii kwa haki kadiri ninavyoweza. Ushauri wao juu ya boti, maji, ardhi ya Ute na upepo uliokoa safari kabla haijaanza, na sijapata kampuni nyingine iliyowahi kukataa fedha zangu kwa ajili ya usalama wangu. Kosa la gundi halikuwa dogo, kwa kuwa mkoba wa ukarabati ndio kifaa ambacho mteja hana haja ya kukitumia katika siku za raha. Kinajaribiwa siku ya shida. Kasoro ndogo ndogo zilikuwapo pia: jiko moja la gesi lilikuwa na moto wa kusuasua upepo ukivuma, na orodha ya chakula waliyoipendekeza haikuwa na chumvi ya kutosha kwa watu wanaotoka jasho kutwa nzima.

Kwa anayetaka kukodi, iwe kwao au kwingineko, ningemshauri afike siku moja kabla, afungue kila mkoba mbele ya mfanyakazi, aminye kila mrija, ajaze hewa kila boti na kuiacha usiku kucha, awashe kila jiko. Ofisi nzuri haitachukizwa. Sisi tumekwisha kutuma maombi ya kibali cha mwezi wa Juni, maji yakiwa makubwa, na tumewaomba kampuni hii hii boti mbili za futi kumi na sita. Mama yule ameandika kwamba gundi itakuwa mezani kwake, mrija haujafunguliwa, na kwamba atanisubiri niiminye mwenyewe.